Jinsi ya kulinganisha nadharia kuu tatu za sosholojia

Chagua jambo moja tu, tuseme mtihani wa darasa la saba, kisha lipitishe katika nadharia zote tatu: uamilifu, mgongano na mwingiliano wa ishara. Ukieleza uamilifu kwa mfano wa ndoa na mgongano kwa mfano wa kiwanda, hujalinganisha kitu.

Uamilifu, wa akina Durkheim, huuliza mtihani unaisaidiaje jamii kushikamana na kugawana kazi. Mwongeze mwanasosholojia Merton (1949), aliyetenganisha kazi za wazi, yaani zilizokusudiwa, na zilizofichika, zisizokusudiwa. Bila yeye utaonekana unasifu kila kilichopo. Mgongano, unaotokana na Marx, huuliza nani anafaidika: mtoto anayelipiwa tuisheni, au anayechota maji kabla ya kwenda shule?

Mwingiliano wa ishara, unaotazama maana ambazo watu hupeana kwa maneno na vitendo, hushuka hadi darasani. Jina hilo alilitoa Blumer mwaka 1937, akijenga juu ya mawazo ya Mead. Hapa tazama mwalimu anavyomwita mwanafunzi “mzito”, na mwanafunzi anavyoanza kujiona hivyo.

Usiandike kwamba mbili za kwanza hazifanani kabisa. Zote huitazama jamii nzima kutoka juu. Kisha onyesha kila moja inapokwama: uamilifu kwenye mabadiliko ya ghafla, mgongano kwenye maelewano, mwingiliano kwenye sera na bajeti.