Kupanga darasa la mtoto mwenye usonji: anza na masikio

Walimu wenzangu wa Tanga, hamna haja ya kusubiri mfadhili. Haki ya mtoto mwenye usonji (autism) kusoma shule ya kawaida imo kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kazi yetu ni chumba.

Hatua ya 1: Sikiliza. Keti kwenye dawati lake, watoto wakiwemo darasani, ufumbe macho. Utasikia madawati yakikwaruza sakafu, darasa la jirani wakiimba, bodaboda barabarani, kisha ile rimu ya gari ikigongwa kwa nondo. Watoto wengi wenye usonji hawawezi kuzichuja sauti hizo. Zote zinaingia pamoja, na yako imo humo humo. Ndipo anapoziba masikio, nasi tunamwita mkorofi.

Kata vipande vya ndala chakavu, vigongomelee chini ya miguu ya madawati. Rimu ihamishieni mti wa mbali, na mtoto aonywe kabla haijagongwa. Mikeka ya ukili ukutani, upande wa nyuma, hupunguza mwangwi. Masika yakianza kupiga bati, usishindane nayo kwa kupaza sauti: andika kazi ubaoni, wachore, wanakili. Nimeona walimu wakikauka koo bure.

Hatua ya 2: Macho. Dirisha la mashariki huingiza jua kali la asubuhi. Tundika kaniki, kanga yenye maua itamhangaisha. Ukuta wa ubao uache mtupu, chati zote zihamie nyuma. Najua wakaguzi wanapenda kuta zilizojaa, lakini mkaguzi hasomi humo kila siku.

Hatua ya 3: Kona ya kutulia. Mkeka nyuma ya kabati, mbali na mlango, basi. Usimpeleke mtu huko kwa adhabu. Ukifanya hivyo hata mara moja, hakuna atakayeitaka tena.

Hatua ya 4: Ratiba ya picha. Kitabu, kikombe cha uji, mpira, nyumba. Kipindi kikiisha, mtoto mwenyewe aigeuze picha. Siku ratiba ikibadilika, mwoneshe mapema.

Hatua ya 5: Asiyeweza kutulia akae pembeni, penye nafasi ya kusimama, na madaftari agawe yeye.

MASWALI

Mwalimu wa darasa la pili, Pongwe: Shikamoo mwalimu. Watoto wamejaa mpaka mlangoni. Kona niiweke wapi?
Jibu: Marahaba. Weka mkeka kwenye varanda, chini ya dirisha unalosimama karibu nalo, umwone. Ila akiwa na tabia ya kutoroka, varanda haifai. Mpe dawati la ukutani, watu wachache.

Mwalimu, Muheza: Wenzake hawatasema anapendelewa?
Jibu: Watasema, kama mkeka ni wake peke yake. Uwe wa darasa zima. Wiki ya kwanza watagombania, kisha watauzoea.

Mama, Ngamiani: Mwanangu analia kila akivaa sare. Ni deko?
Jibu: Hapana, mama. Huenda lebo au kola inamchoma. Kata lebo, shati lifue mara kadhaa kabla hajalivaa, au umvalishe fulana laini ndani. Bado akilia, zungumza na mwalimu mkuu kuhusu kola.

Mwalimu wa awali, Chumbageni: Nikitaka kusomea kabisa?
Jibu: Ulizia Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Ndiko wanakoandaliwa walimu wa elimu maalumu.