Minecraft yenye modi inapoanza kwa wepesi kisha ikazidi kuwa nzito

Mchezo ulio mzito tangu dakika ya kwanza na mchezo unaoanza kwa fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) 90 kwa sekunde, halafu baada ya saa moja ukawa unajikongoja kwa fremu 25, si ugonjwa mmoja. Ule wa kwanza umeizidi kompyuta nguvu, na dawa yake ni kupunguza ubora wa picha. Huu wa pili una kitu kinachojilimbikiza kadiri muda unavyokwenda, nacho huwa ni joto, kumbukumbu, au wingi wa viumbe na vitu ndani ya dunia ya mchezo. Mwongozo huu unashughulikia hali hiyo ya pili katika Minecraft toleo la Java, ambako wachezaji wengi hukimbilia kuongeza modi (nyongeza zinazobadilisha mchezo) nyingine za kuuharakisha kabla hawajajua kinachouchelewesha.

Anza kwa kupima. Zima ulinganifu wa fremu na skrini, yaani VSync, kwa muda wa jaribio, simama mahali pamoja ukitazama upande uleule, kisha ubonyeze F3 ili kufungua maandishi ya taarifa za mchezo. Kila baada ya dakika 10 rudi mahali hapo uandike mambo manne: idadi ya fremu, asilimia ya kumbukumbu iliyo juu upande wa kulia, namba zinazofuata herufi E (viumbe na vitu vinavyochorwa, kisha jumla yao), na milisekunde za seva ya ndani. Kuanzia toleo la 1.20.2, ukibonyeza F3 pamoja na 2 utapata pia grafu ya muda wa kila fremu, ambayo hufichua mikwamo mifupi isiyoonekana katika wastani.

Fremu zikishashuka, usibadilishe mpangilio wowote bado. Kwanza simamisha mchezo, punguza dirisha lake, uiache kompyuta ipumzike kwa dakika 15 bila kuufunga. Ukirudi ukakuta wepesi umerejea, kisha ukapotea tena baada ya dakika chache, mshukiwa ni joto. Kama hapakuwa na mabadiliko, funga mchezo na uufungue papo hapo. Mchezo ukirejea ukiwa mwepesi katika dunia ileile na mahali palepale, tatizo limo katika kumbukumbu. Ukirejea na uzito uleule, tengeneza dunia mpya kwa modi zilezile; dunia mpya ikiwa nyepesi, basi ile ya zamani ndiyo iliyolemewa.

Joto lina dawa rahisi kuliko mengine. Prosesa na kadi ya michoro hupunguza kasi zenyewe zinapofikia kikomo cha joto, na kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya godoro, katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hufika huko mapema. Safisha vumbi kwenye feni, iweke juu ya meza ngumu, na uweke kikomo cha fremu 60, kwa sababu kuchora fremu 140 kwenye skrini inayoonyesha 60 tu ni kupika kompyuta bure.

Kumbukumbu inahitaji uvumilivu zaidi. Asilimia ile ya F3 hupanda kisha ikaporomoka ghafla Java, programu inayouendesha mchezo, inapofagia vitu visivyotumika tena, na kupanda huko pekee si dalili ya ubaya. Kinachostahili kutazamwa ni pale inapotua baada ya kila ufagizi: kama mwanzoni ilikuwa ikitua kwenye asilimia 40 na baada ya saa moja inatua kwenye 85, Java inabaki ikifagia kila mara, nao mchezo hukwama kila inapofanya hivyo. Programu ya kuzindulia mchezo kwa muda mrefu ilitoa GB 2 tu, kiasi kinachotosha mchezo mtupu lakini si modi 100. Katika hoja za Java (maagizo anayopewa Java mchezo unapozinduliwa, yaliyomo katika mipangilio ya programu hiyo), badilisha -Xmx2G, yaani kikomo cha kumbukumbu, iwe -Xmx4G ikiwa kompyuta ina GB 8, au GB 6 hadi 8 ikiwa ina 16. Usiupe mchezo kumbukumbu yote, kwani mfumo wa kompyuta nao unahitaji sehemu yake, na kadi ya michoro iliyojengwa ndani ya prosesa hukopa humohumo. Ikiisha, kompyuta huanza kutumia diski badala yake, na hapo ndipo mambo huharibika kabisa. Modi ya FerriteCore hupunguza matumizi kwa kweli, nami huiweka kila mara. Lakini ikiwa kuongeza kumbukumbu kumeahirisha tu mporomoko kutoka saa moja hadi saa mbili, kuna modi inayoshikilia vitu ilivyopaswa kuviachia.

Kwa upande wa dunia iliyolemewa, kumbuka kwamba mchezo hujihesabu mara 20 kwa sekunde, hivyo kila hesabu ina milisekunde 50. Zikizidi hapo, wanyama huanza kurukaruka na matofali uliyovunja hurudi, hata kama fremu bado ni nyingi. Tazama namba ya pili baada ya E: vitu vilivyodondoka hutoweka baada ya dakika 5, lakini ng'ombe 300 wa zizini hawaendi popote. Punguza pia umbali wa mwonekano. Kwenye 12 unapakia vipande 625 vya ardhi, kwenye 8 ni 289 tu.

Kuitafuta modi yenye kosa, weka modi ya spark, inayopima utendaji wa mchezo, kisha utumie amri ya /sparkc heapsummary, inayoorodhesha vilivyomo kwenye kumbukumbu, mwanzoni na tena baada ya fremu kushuka. Majina yaliyovimba kati ya orodha hizo mbili mara nyingi hutaja modi yenyewe. Ikishindikana, gawa modi katika nusu mbili, jaribu mchezo kwa nusu moja, kisha uigawe tena nusu yenye tatizo. Nakili dunia kwanza na ujaribu katika nakala, maana kuondoa modi iliyoleta matofali yake huyafuta matofali hayo, na usitenganishe modi na maktaba ambayo modi hiyo inaihitaji ili ifanye kazi, kama vile Fabric API. Kwa modi 128, mizunguko saba inatosha kuifikia moja. Ukishaiondoa au kuisasisha, rudia jaribio la saa nzima mahali palepale, na kama asilimia bado inatua juu zaidi kila mara, yupo mkosaji wa pili kati ya zilizobaki.