Kuongeza RAM ya nje kwenye AT89S52: chora anwani kwanza

Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga inarekodi joto kila dakika, baiti moja kwa kipimo. AT89S52, chipu ndogo ya kompyuta inayoiendesha, ina baiti 256 tu za RAM (kumbukumbu ya muda) ndani, na programu nayo inazihitaji. Mayai ya kuku hukaa siku 21, yaani dakika 30,240. Chipu moja ya RAM ya nje, 62256, ina baiti 32,768. Inatosha, na chenji inabaki. (Umeme ukikatika inasahau yote, mimi natumia betri ya pikipiki.)

Anza na pini 31 ya AT89S52, EA. Ipeleke volti 5, ili programu isomwe kwenye flashi (kumbukumbu ya programu) ya ndani, anwani 0000H hadi 1FFFH (H ni heksi, namba za msingi wa 16). Mara ya kwanza niliiacha inaning'inia. Bodi ikawa inafanya kazi nikiisogezea kidole, nikitoa kidole inakufa. Siku mbili nalaumu kristali bure!

P0, kundi la pini nane za AT89S52, hubeba vitu viwili kwa zamu: kwanza nusu ya chini ya anwani, halafu data. Ndiyo maana unahitaji 74HC373, chipu ya lachi inayoshikilia biti nane. Unganisha ALE, pini 30, na pini 11 ya 373. Pini yake ya 1 iende GND. ALE ikishuka, 373 inaishikilia anwani, na P0 inabaki huru kwa data. Nusu ya juu ya anwani inatoka P2, kundi jingine la pini nane, moja kwa moja. RD (ya kusoma), pini 17, iende pini 22 ya 62256. WR (ya kuandika), pini 16, iende pini 27. PSEN iache, hiyo ni ya kusomea programu ya nje.

Imebaki A15, biti ya juu kabisa ya anwani, yaani P2.7. Ipeleke pini 20 ya RAM, CE. Ikiwa sifuri RAM inaamka, kwa hiyo inakaa 0000H hadi 7FFFH. Usishtuke kwamba flashi nayo inaanzia 0000H: MOVX, amri ya kusoma na kuandika RAM ya nje, haigusi eneo la programu, hata namba zikifanana. Kuanzia 8000H pako wazi, siku moja utaweka skrini.

Ndani napo pana mtego. Baada ya riseti SP, kielekezi cha staki (sehemu ya RAM ya kuweka vitu kwa muda, kama anwani za kurudi), ni 07H, staki inaanza kupanda juu ya rejista za benki ya 1. Mstari wangu wa kwanza huwa:

MOV SP,#7FH

Staki inahamia 80H kwenda juu, mahali ambapo anwani ya moja kwa moja haifiki. Ukiandika MOV 80H,A unagusa P0, si RAM.

Sasa jaribu. Kwa MOVX andika 55H kwenye 0000H, kisha 0AAH kwenye 8000H, halafu soma tena 0000H. Inatakiwa irudi 55H. Kwangu ilirudi AAH: CE nilikuwa nimeilehemu GND kwa uvivu, RAM ikawa inaitika kwa anwani zote mbili.