Jinsi ya Dereva wa Mbio za Dragi Kujipatia Wadhamini

Dereva wa Nairobi wa mbio za dragi, yaani mbio za magari mawili yanayoshindana kwa kasi katika njia fupi iliyonyooka, anayetafuta wadhamini na ajifunze kwa dereva Tom McEwen wa Marekani, ambaye hakushinda mara nyingi kama mpinzani wake Don Prudhomme, lakini alikuwa na kipaji adimu cha kujitangaza. Prudhomme aliitwa Nyoka. McEwen akajulikana kama Nguchiro, adui wa nyoka, na watazamaji wakapata upande wa kushangilia.

Basi, tafuta kwanza mpinzani anayeheshimika, kisha mkaombe udhamini pamoja. Kabla ya kubisha hodi, chunguza wateja wa kampuni mnayoiomba ni nani: kampuni ya Mattel iliuza vigari vya watoto vya Hot Wheels, hivyo ilipowadhamini wawili hao katika msimu wa 1970, magari yao yaligeuzwa vichezeo. Vivyo hivyo, mwenye duka la vipuri katika Barabara ya Kirinyaga hahitaji kuelezwa ndoto zako, bali aonyeshwe jinsi watazamaji wako watakavyokuwa wanunuzi wake.

Kamwe usijitangaze kwa video za mashindano ya usiku katika Barabara ya Thika, kwani yanaua watu wasiohusika.