Kukata misaada ya maskini: jinsi ya kutenganisha hoja ya pesa na hoja ya msimamo

Anayetaka msaada wa serikali ukatwe au uwekewe masharti makali huwa amefunga hoja mbili katika furushi moja: hazina itaokoa fedha, na asiyestahili asilipwe. Zifungue kabla hujabishana naye. Ya kwanza ina hesabu, ya pili haina.

Mfano mzuri ni Florida, Marekani. Kuanzia Julai 2011, kila aliyeomba msaada wa fedha wa TANF, mpango wa kusaidia familia maskini zenye watoto, alitakiwa kupimwa dawa za kulevya kwa gharama yake, na akionekana safi anarudishiwa. Mpaka mahakama ya shirikisho iliposimamisha sheria hiyo Oktoba mwaka huohuo, waombaji 4,086 walikuwa wameingia kwenye upimaji. Waliokutwa na dawa ni 108, yaani asilimia 2.6. Wengine 40 kati yao walighairi bila kupimwa.

Anza na gharama. Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha idadi yote ya waombaji hao kwa bei ya kipimo. Anayelipiwa na serikali ni aliyefaulu tu: 4,086 toa 108 toa 40, wanabaki 3,938. Kipimo kilikuwa wastani wa dola 30, kwa hiyo marejesho ni dola 118,140. Sasa toa msaada ambao wale 108 wangelipwa. Haukufikia kiasi hicho. Jimbo lilipata hasara ya dola 45,780. Mawakili na muda wa watumishi hawamo.

Usikimbilie kutangaza ushindi. Mtetezi makini atakuambia kwamba wapo walioogopa kipimo wakaacha kuomba, na hao hawaonekani kwenye hesabu yako. Ana haki. Linganisha idadi ya wanufaika kabla na baada ya sheria; Florida, takwimu za jimbo lenyewe hazikuonyesha kwamba vipimo viliipunguza.

Hesabu ikiisha, uliza: "Na ikigharimu zaidi, bado unataka?" Akijibu ndiyo, acha kumtupia takwimu, hazimgusi tena. Si ujinga huo. Anasema kodi yake isinunue dawa za kulevya, na gavana wa Florida wakati huo, Rick Scott, alijitetea kwa njia hiyohiyo. Swali linalofuata ndilo lenye makali: je, kipimo kiwahusu pia wakulima wanaopewa ruzuku na wakandarasi wa serikali? Akikataa, msimamo wake si juu ya kodi, ni juu ya maskini.

Mpinzani wa vipimo naye abanwe vivyo hivyo. Mahakama haikuitupa sheria ile kwa sababu ya hasara. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kumpima mtu bila kumshuku ni upekuzi unaokiuka Katiba. Kwa hiyo muulize: kama vipimo vingeokoa mamilioni, ungevikubali?

Ukitaka kupima maoni ya watu wengi, wagawe kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Moja lielezwe ile hasara kabla ya swali, jingine lisielezwe. Tofauti ikiwa ndogo, wengi wao wanaongozwa na msimamo. Usiandike swali la "kuokoa fedha na kukomesha uvivu" kwa pamoja, hutajua walijibu lipi. Na neno "maskini" likiwa kwenye swali la kundi moja, liwe kwenye la pili pia.