Kununua randa ya mkono Dodoma bila kuuziwa chuma chakavu

Mbao nyingi zinazouzwa Dodoma siku hizi hupitishwa kwenye mashine ya kuranda palepale zinaponunuliwa. Fundi akifika nazo karakana hubakiwa na kazi ndogo, lakini ndiyo ambayo mteja ataikagua: kuondoa mawimbi ya mashine, kusawazisha viungo vya fremu ya mlango, kunyoosha kingo za mbao mbili zitakazounganishwa kwa gundi. Hapo ndipo randa ya mkono inapohitajika. Randa mbovu ni hasara kuliko kutokuwa nayo kabisa, kwa sababu inachana ubao ambao umeshaulipia mashine.

Kwenye randa unalipia vitu viwili tu, mwili ulionyooka na kisu kigumu. Rangi inayong'aa, boksi zuri na mshikio wa plastiki mwekundu havirandi. Na kati ya hivyo viwili, mwili ndio muhimu zaidi. Kisu kibovu unakibadilisha, lakini mwili uliopasuka umekwisha. Kwa hiyo randa ya mtumba yenye kutu ya juujuu na mwili mzima huwa ni biashara nzuri kuliko mpya isiyo na jina inayouzwa bei ya chini.

Ukubwa gani uanze nao

Karibu randa zote za chuma utakazokutana nazo zimefuata muundo mmoja, wa Leonard Bailey wa Marekani, ambao kampuni ya Stanley iliununua mwaka 1869. Record ya Sheffield, Uingereza, ilianza kutengeneza za kwake mwaka 1931 kwa muundo huohuo. Ndiyo maana namba zinafanana popote: namba 4 ina urefu wa sentimita 24 hivi, namba 5 sentimita 35, namba 7 sentimita 56. Namba 4 na 5 zote zina kisu cha upana wa milimita 50, na namba 7 milimita 60.

Kama utanunua moja tu, chukua namba 5. Ni ndefu ya kutosha kunyoosha ukingo wa mlango, na ukiinoa vizuri inamalizia uso wa meza. Namba 4 ni nyepesi zaidi kwa kumalizia, lakini kwenye ubao wenye mawimbi itapanda na kushuka nayo bila kuyaondoa. Namba 7 ni ya fundi anayeunganisha mbao za meza kila wiki. Ile ndogo ya kushika kwa kiganja ni nzuri kwa vichwa vya mbao na kona, ila isiwe ya kwanza.

Pa kutafuta

Maduka ya vifaa vya ujenzi ya mjini na yale ya kuzunguka soko la Majengo huuza randa mpya. Zipo Stanley halali, zipo za feki zenye jina hilohilo, zipo za Kichina zisizo na jina, na mara nyingine unapata za India kama Anant au Groz. Za India hufika zikiwa hazijamaliziwa vizuri, kingo bado kali na sehemu ya chini haijanyooka sawasawa, lakini chuma chenyewe ni kizito na kinavumilia kurekebishwa. Kwa bajeti ndogo, ukiwa tayari kutoa siku nzima ya msasa, hizo tunazipendekeza kuliko zile za bati lililokunjwa.

Za mtumba utazipata kwa wauza vyuma chakavu, kwa mafundi wazee walioacha kazi, na kwenye minada pale shule ya ufundi au karakana ya misheni inapofuta vifaa vyake. Nyingi zilifika nchini kupitia mashirika ya misaada. Tools for Self Reliance la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1979, lilileta Tanzania kwa miaka mingi vifaa vilivyokarabatiwa, na humo ndimo randa za Stanley na Record zilipoingia. Ukiwa na safari ya Dar es Salaam, tenga nusu siku kwa Gerezani na Kariakoo, kwani uchaguzi ni mkubwa zaidi. Kumbuka tu kwamba randa iliyokaa pwani huwa na kutu ya ndani kuliko iliyokaa hapa, kwa sababu hewa ya Dodoma ni kavu.

Usilipie randa ya mtumba zaidi ya nusu ya bei ya mpya yenye chapa halali. Ikizidi hapo, muuzaji anakuuzia jina.

Kukagua ukiwa bado dukani

Nenda na rula ya chuma ya sentimita 30, bisibisi bapa pana, tupa ndogo laini na karatasi nyeupe ya kawaida ya printa. Muuzaji akikataa randa isifunguliwe, mwache nayo.

Anza kwa kuifungua. Nyanyua kibanio cha juu, toa kisu pamoja na bamba lililofungwa mgongoni mwake, kisha toa kiti cha kisu, yaani kile kipande cha mteremko wa nyuzi 45 kilichofungwa kwa skrubu mbili ndani ya mwili. Chini ya kiti ndiko uchafu na nyufa hujificha. Shika mwili mtupu kwa vidole viwili na uugonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mwili mzima hulia kama kengele, na uliopasuka hutoa sauti nzito iliyokufa. Tazama hasa kona za mdomo, kule kisu kinapotokea, na pale mashavu ya pembeni yanapokutana na sehemu ya chini. Ukiona mstari wa rangi ya njano ujue umeunganishwa kwa shaba. Chuma cha kumimina kikishapashwa moto hivyo hupinda kwa urahisi, kwa hiyo hata kama kiungo ni imara sehemu ya chini haitakuwa sawa.

Rudisha kila kitu mahali pake, ukifunge kisu lakini ukirudishe ndani kisichomoze. Kipimo cha unyoofu kinafanywa randa ikiwa imekazwa, kwa sababu mkazo wa kibanio hubadilisha umbo la mwili kidogo. Simamisha rula kwa ukingo wake sehemu ya chini, kwanza kwa urefu, halafu mshazari mara mbili, ukiangalia upande wa mwanga. Usitafute unyoofu wa kila milimita. Kinachotakiwa ni sehemu nne zikutane na rula: pua, mbele tu ya mdomo, nyuma tu ya mdomo, na kisigino. Bonde katikati ya sehemu hizo halina madhara. Karatasi ya printa ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikipenya kwa shida mbele ya mdomo, utairekebisha kwa msasa. Ikipenya huku imekunjwa kuwa safu mbili, iache. Mshazari mmoja ukigusa katikati na mwingine ukagusa ncha tu, mwili umejisokota, na huo ndio ubovu mgumu kuliko yote kuuondoa kwa mkono.

Sasa kisu. Pitisha tupa kwenye kona ya pembeni, karibu na makali. Tupa ikiteleza bila kung'ata, kisu ni kigumu. Ikikwangua kama inavyokwangua msumari, kisu ni laini na kwenye mninga hakitafika mita tano kabla ya kulala. Kisha geuza upande bapa. Mashimo ya kutu yaliyo ndani ya sentimita moja kutoka kwenye makali yanakutia hasara, maana kila shimo litakalofikiwa na makali litaacha mstari kwenye ubao. Yaliyo juu zaidi hayana neno. Pima pia urefu uliobaki: kama makali yamekaribia tundu refu la katikati kwa chini ya sentimita mbili, kisu kimekwisha, hesabu bei ya kingine.

Skrubu ndizo zinazowaponza wengi. Hesi za Stanley za zamani si za kawaida, na bolti ya duka la kawaida haiingii hata ikifanana kwa macho. Ukiilazimisha, unaua hesi ya ndani ya mwili. Kwa hiyo hesabu: mbili za kiti, moja ya kibanio, moja fupi nene ya kuunganisha kisu na bamba lake, na za mshikio wa nyuma na kirungu cha kushikia mbele. Ikikosekana moja, muulize muuzaji kama ana randa nyingine iliyovunjika ya kutoa vipande. Mshikio wa mbao uliovunjika usikuzuie. Mninga au msaji utakutosha kutengeneza mwingine.

Dalili za randa ya kuogopa ni hizi, na zinaonekana kwa mbali: kiti cha kisu kilichokunjwa kwa bati badala ya kumiminwa, kidude cha kusogeza kisu kilichokatwa kwenye bati jembamba, gurudumu la kurekebisha la plastiki, na rangi iliyopakwa mpaka chini ya kiti. Rangi hiyo huzuia kiti kulala vizuri, kisu kinatetemeka, na ubao unatoka na vijimawimbi vidogo. Gurudumu kuzunguka bure kwa nusu mzunguko au hata mzunguko mmoja kabla ya kusukuma kisu ni kawaida, hata kwenye randa nzuri.

Randa ya mbao ya kienyeji, yenye kisu cha springi ya gari, nayo si ya kudharauliwa. Ni rahisi, kisu chake ni kinene na hakitetemeki. Ila kwa Dodoma, iliyotengenezwa pwani itasinyaa ikifika huku: kabari italegea na sehemu ya chini itapinda. Nunua iliyotengenezwa hapa kwa mbao iliyokauka, na usiiache juani mchana wa kiangazi hata kwa saa moja.

Kuiandaa kwa kazi

Kutu iondoe kwa siki. Tumbukiza vipande vya chuma usiku kucha, si siku tatu, kwani siki inaendelea kula chuma kizuri kutu ikishaisha. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi ili asidi iishe nguvu, kausha papo hapo.

Kwa kunyoosha sehemu ya chini unahitaji kitu bapa kweli: kioo cha unene wa milimita 6 au zaidi, au kipande cha graniti kutoka kwa mafundi wa meza za jikoni. Bandika juu yake msasa namba 80. Chora mistari ya kalamu ya wino sehemu yote ya chini, funga kisu kikiwa kimerudi ndani, kisha sukuma na kuvuta bila kukandamiza upande mmoja. Mistari ikifutika kwenye zile sehemu nne, hamia namba 120, malizia 220. Ukiendelea mpaka wino wote ufutike unachosha mikono tu.

Kisu hunolewa pande mbili, na upande bapa ndio unaosahaulika. Sugua milimita 10 za mwisho mpaka zing'ae sawasawa. Upande wa mteremko, pembe ya nyuzi 30 inafaa mbao zetu ngumu, na huhitaji kifaa cha kuipima: mteremko ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa kisu, umeshafika nyuzi 30. Kisu cha milimita 2 kitakuwa na mteremko wa milimita 4. Jiwe la duka la pande mbili linaanzisha kazi lakini haliimalizi. Endelea na msasa wa maji namba 400, 800, 1200 na 2000 juu ya kioo. Ukitumia mashine ya kunolea ya umeme, chovya kisu kwenye maji kila sekunde chache. Makali yakigeuka bluu ugumu umeondoka, na itabidi ukate sehemu hiyo yote.

Bamba la mgongoni lazima libane kisu bila mwanya hata wa mwanga, vinginevyo maranda yatajipenyeza humo na mdomo utaziba. Lisogeze milimita 1 kutoka kwenye makali kwa paini na saipresi. Kwa mninga au mkongo wenye nyuzi zinazopishana, lisogeze mpaka nusu milimita au chini ya hapo, kwani ndilo linalozuia ubao kuchanika.

Jaribu kwenye kipande cha paini kwanza. Randa ikiruka na kuacha vijimawimbi, kaza skrubu za kiti au noa upya. Ikichana, geuza ubao urande kwa kufuata nyuzi, kisha sogeza bamba karibu zaidi. Ikitoa maranda upande mmoja tu, kisu kimelala pembeni, kinyooshe kwa ule wenzo ulio nyuma yake. Ikikataa kukata kabisa ingawa kisu kimechomoza, mara nyingi bamba limefungwa upande wa mteremko, yaani kisu kimegeuzwa.

Mafuta mengi si rafiki kwa randa ya Dodoma, maana hukamata vumbi na vumbi hilo ni mchanga unaokwangua makali. Paka tone moja kwenye hesi, na sehemu ya chini ipitishie mshumaa mara mbili tatu kila unapoanza kazi. Masika yakija ifunge ndani ya kitambaa kikavu, usiiache juu ya sakafu ya saruji.