SOMO: Kulikinga ini na saratani, hatua kwa hatua

Ndugu zangu, ini haliumi mapema. Linaweza kuharibika miaka mingi huku unakula vizuri na kulala vizuri. Macho kuwa ya njano na tumbo kujaa maji huja mambo yakiwa yameshafika mbali. Ndiyo maana somo hili linaanza na kipimo.

Hatua ya 1: Pima homa ya ini B na C. Hapa naomba tutulie kidogo. Virusi hivi viwili ndivyo chanzo kikuu cha saratani ya ini duniani. Kipimo ni damu kidogo tu. Ukikutwa huna virusi vya B wala kinga, chanjwa. Ratiba iliyozoeleka kwa mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Wengi huchoma ya kwanza wakaishia hapo. Tafadhali, malizeni.

Mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Kichanga akiambukizwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi hivyo kwa muda mrefu, wakati watu wazima wengi miili yao huvishinda. Taiwan ilianza kuchanja vichanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana.

C haina chanjo, ila inapona: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya asilimia 95.

Hatua ya 2: Wembe wako ni wako. Tazama wembe uliokwisha kunyolea. Unaonekana mkavu, safi. Damu isiyoonekana kwa macho inaweza kuwa pale kwenye makali, na virusi vya B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mswaki na sindano ni hivyo hivyo. Na kondomu itumike.

Hatua ya 3: Pombe. Kadiri unavyopunguza ndivyo hatari inavyoshuka. Kuacha kabisa ni bora zaidi. Sigara nayo iache.

Hatua ya 4: Ogopa sumukuvu. Hutoka kwenye kuvu wanaoota katika nafaka na karanga zisizokauka vizuri. Kupika kwa kawaida hakuiondoi. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyo chungu mdomoni, iteme. Mwenye virusi vya B anayekula sumukuvu, hatari yake huongezeka maradufu na zaidi.

Hatua ya 5: Kiuno. Mafuta hujaa kwenye ini hata kwa asiyegusa pombe, hasa mwenye kisukari au uzito mkubwa. Punguza vinywaji vya sukari, tembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 7 hadi 10, ini hupata nafuu ya kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, natumia mitishamba ya kusafisha ini. Niendelee?*
Acha, ndugu yangu. Ini lenyewe ndilo linalosafisha. Baadhi ya mitishamba hulijeruhi, na nimeumia kuona watu wakipoteza miezi ya thamani kwenye chupa hizo.

*Nimekutwa na B. Nikachanjwe?*
Chanjo haitakusaidia tena, lakini usikate tamaa. Muone daktari apime wingi wa virusi na hali ya ini. Wengine hupewa vidonge vya kila siku. Usiviache ghafla bila yeye kujua. Muulize pia kama unahitaji ultrasaundi kila miezi sita, maana uvimbe mdogo hutibika.

*Kahawa je?*
Tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wana hatari ndogo. Kunywa, bila kuijaza sukari, na usiifanye mbadala wa kipimo.

*Mume wangu ana B. Tangu nijue namtengea sahani na kikombe. Nakosea?*
Dada, haiambukizi kwa sahani, kikombe wala kukumbatiana. Wewe na watoto mkapime, mkachanjwe. Sahani rudisheni iwe moja.